Risiti ya Asumini

Ripoti inatakiwa Ijumaa, kurasa nne.
Leo Jumatano, umeme umekatika Mshomoroni nzima,
nami naandika kwa tochi ya simu
huku Athumani Lali, mweka hesabu wetu wa kujitolea,
akilamba kidole na kufunua risiti moja moja
kama anayesoma juzuu.

Fedha zilizopokelewa: laki moja na themanini elfu.
Wenyewe wameziita ruzuku ndogo.
Sisi tuliposikia tulikaa kitako.

Mafuta ya pikipiki, miezi mitatu. Ipo.
Glavu, pamba, plasta. Zipo.
Mofini ya maji, chupa arubaini na mbili. Ipo,
ina muhuri wa mfamasia na saini yangu mara mbili,
maana dawa hii haiingii nyumba ya mtu bila kuapiwa.

Swali la tano: Eleza mabadiliko yaliyopatikana.

Mzee Dzuya wa Magongo,
miaka thelathini kwenye winchi za Kilindini,
alikuwa hajalala tangu Rajabu.
Tulimpa mofini kila saa nne, ya usiku maradufu,
naye akazigawa kama zamu za bandarini.
Usiku wa pili alilala moja kwa moja hadi adhana ya alfajiri.
Mkewe akadhani keshakwenda,
akapiga ukwenzi, majirani wakajaa uani,
mzee akafumbua jicho moja:
"Wewe mwanamke, hata usingizi wanionea gere?"

Siku ya tisa alikwenda kweli, kimya,
mkono wake ndani ya mkono ule ule aliougombeza.
Fomu ina kisanduku cha *wamepona*
na kisanduku cha *wanaendelea vizuri.*
Nimekigeuza karatasi nyuma, kutafuta cha tatu.

Na Bi Shumi wa Kuze.
Titi lilikuwa limefumuka kidonda,
harufu ikikupokea mlangoni kabla ya salamu.
Wakaza wanawe walimpakulia wali
wakauacha kizingitini.
Yeye, aliyepamba maharusi wa mitaa mitatu,
akageukia ukuta.

Dawa ya harufu ni tembe za kawaida,
zile za tumbo la kuendesha, bei ya mandazi.
Unazitwanga, unanyunyiza unga wake juu ya kidonda
kama unavyotia iliki, kwa ncha za vidole, usibonyeze.
Siku ya nne harufu ilikuwa imetoka.
Siku ya tano mkaza mwana mkubwa aliingia,
akasita, akaketi kitandani.
Siku ya sita Bi Shumi aliniita:
"Mghoi, nitafutie asumini."

Nilizinunua Mwembe Tayari, kwa mama mwenye kapu.
Alizitunga mwenyewe, mkono mmoja umevimba,
rehani katikati, uzi ukikatwa kwa meno,
akakichomeka kikuba kifuani,
upande uliobaki.

"Asumini, shilingi mia," asema Athumani. "Risiti?"
Muuza asumini hufunga kwa jani la mgomba, namwambia,
na jani tulilitupa.
"Basi mia hiyo itatoka mfukoni mwako."
Sawa, nasema. Kata.

Hakati.
Mama yake alifia Faza, chumba cha nyuma,
mlango umerudishwa,
na wanawe walikula barazani, upande unakotoka upepo.
Hili hakuniambia leo. Aliniambia mwaka juzi,
akiwa amenipa mgongo, akifunga kamba ya sanduku la dawa.

Anavuta daftari.
Kwa hati yake ya madrasa, polepole, anaandika:
*Asumini, sh. 100. Haina risiti.
Nilikuwa mlangoni na pikipiki. Ilinukia.*

Umeme unarudi, feni inakohoa.
Swali la sita: Mtaendeleaje fedha zikiisha?

Simu inaita. Ni Changamwe; mtu ana siku tatu hajalala.
Tunatoka nje. Athumani anaitikisa pikipiki,
ameweka sikio kwenye tangi,
anasikiliza.